Mutuku Aliyezaliwa Mchana

Ukifika Wote au Mwingi, kule Ukambani, usishangae kukutana na Mutuku aliyezaliwa saa saba mchana, jua la utosi. Utuku ni usiku kwa Kikamba, na aliyezaliwa usiku ni babu yake. Kwa desturi, mvulana wa kwanza hurithi jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Wasichana nao hurithi ya nyanya zao. Jina husafiri na saa yake ya zamani.

Lilipotolewa mara ya kwanza, jina la Kikamba halikuzunguka. Mbua ni mvua: mvulana ni Wambua, msichana Mumbua au Syombua. Kyalo ni safari. Mueni ni mgeni. Siku ile nyumbani kulikuwa na ugeni. Wayua alikuja wakati wa yua, yaani njaa. Mwanazuoni John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alieleza kwamba siku ya tatu alichinjwa mbuzi au fahali, na wanawake waliokwisha kuzaa walikusanyika kumpa mtoto jina la ngima, ugali, kwa kuwa ndicho chakula cha shughuli hiyo. Halikuwa jambo la mtu mmoja.

Hata njaa zenyewe zilipewa majina. Ya 1961 ni yua ya ndeke, maana chakula kilidondoshwa na ndege. Ya miaka ya 1980 ni Nikw'a Ngwete: nakufa nikiwa nazo. Pesa mkononi, duka tupu. Hapo huhitaji mkalimani.

Mimi riziki yangu ni draiva, zile programu zinazosema na pampu na mita za maji. Sisi pia hurithi majina. Juzi nilinakili draiva kuukuu yenye jina kusubiri ndani yake. Kule ilikotoka, namba yake ilihesabiwa kwa milisekunde. Kwenye kifaa kipya, kwa maikrosekunde. Pampu ikawa inawaka na kuzimika kabla maji hayajapanda. Asubuhi nzima nilikagua nyaya, nikalipita jina lile mara kumi bila kulishuku. Sasa linaitwa kusubiri_maikrosekunde. Refu, naam, lakini halina kesi.

Mutuku wa mchana akiulizwa, yupo shangazi wa kueleza kwamba usiku ule ulikuwa wa babu. Draiva haina shangazi. Wewe unayenakili, badilisha jina siku hiyo hiyo.