Mashindano ya dakika 60 yanayonoa masikio ya wapenzi wa Morse

MTU akitaja msimbo wa Morse, yamkini wengi wetu huikumbuka meli ya Titanic iliyozama Aprili 1912 huku mafundi wake wa redio wakiomba msaada kwa nukta na vistari. Picha hiyo huwafanya wengi waamini kwamba lugha hii ya milio ilizikwa zamani pamoja na wazee walioitumia.

Imani hiyo haikosi msingi. Mnamo Februari 1, 1999, mfumo mpya wa usalama baharini uitwao GMDSS, unaotegemea setilaiti na redio za kidijitali, ulianza kutekelezwa kikamilifu, na meli zikaachana na Morse. Mwaka wa 2003, mkutano wa kimataifa wa mawasiliano ya redio uliofanyika Geneva uliondoa sharti lililozilazimu nchi kuwatahini Morse wanaredio wa ridhaa waliotaka kutumia masafa ya chini ya megahezi 30. Marekani ilifuta mtihani huo Februari 2007.

Hata hivyo, kila Jumatatu, saa kumi jioni zinapogonga hapa Kenya, masafa ya redio hujaa milio ya di-daa kutoka mabara mbalimbali. Hao si mabaharia wala majasusi. Ni wanaredio wa ridhaa, yaani watu waliopewa leseni ya kurusha mawimbi kwa ajili ya kujifunza na kujiburudisha wala si kwa biashara, na wamekutana katika mashindano ya saa moja tu.

Stadi ambayo hailazimishwi tena na mtihani wala ajira huishi kwa mazoezi ya hiari pekee. Ndiyo maana mashindano haya mafupi, yanayoendeshwa kwa kasi ya wastani, yamekuwa shule muhimu ya kuwarithisha vijana ujuzi ambao ungeweza kupotea katika kizazi kimoja.

Faida ya Morse leo

Huenda msomaji akauliza: kuna haja gani ya kujisumbua na nukta na vistari katika enzi ya simu za mkononi?

Jibu la kwanza ni uchache wa mahitaji. Sauti ya mtu inaporushwa redioni kwa njia inayotumiwa sana na wanaredio wa ridhaa, huhitaji upana wa takriban kilohezi 2.5. Morse ya kasi ya wastani hutosheka na hezi 150 hivi. Kwa kuwa nguvu zote za mtambo hukusanywa katika uchochoro huo mwembamba, mlio husikika hata pale ambapo sauti ya mtu imemezwa na kelele. Mtambo wa wati tano, nguvu isiyozidi ya taa ndogo ya nyumbani, unaweza kuvuka bahari iwapo hali ya anga ni nzuri.

Jibu la pili linatokana na hilo. Mtambo wa Morse ni rahisi kuunda na kukarabati kuliko ule wa sauti. Kwa kijana wa Nairobi au Eldoret ambaye hana uwezo wa kuagiza mitambo ghali kutoka ng'ambo, betri ya gari, waya uliofungwa mtini na redio ndogo vinatosha kumfikisha Ulaya.

Aidha, Afrika Mashariki si mgeni katika jambo hili. Kebo ya telegrafu ilifika Zanzibar kupitia baharini mwaka wa 1879, na reli iliyojengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901 iliandamana na nyaya za telegrafu. Neno letu "simu" lina asili ya Kiajemi lenye maana ya waya, na zamani lilitumika pia kwa ujumbe wa telegrafu. Tunaposema "kupiga simu" leo, tunatumia neno lililozoeleka Uswahilini kabla ya simu za kuzungumzia kuenea.

Ukuta wa wanaoanza

Msimbo wenyewe haushindi kwa ugumu wa kanuni zake. Kistari hudumu mara tatu ya nukta. Nafasi kati ya sehemu za herufi moja ni nukta moja, kati ya herufi na herufi ni nukta tatu, na kati ya neno na neno ni saba. Kasi hupimwa kwa neno la Kiingereza PARIS, ambalo pamoja na nafasi inayolifuata huchukua muda wa nukta 50 barabara.

Kwa hesabu hiyo, anayetuma maneno kumi kwa dakika hutoa nukta za milisekunde 120. Anayetuma maneno 20 hutoa nukta za milisekunde 60, na kwa maneno 25 nukta moja hudumu milisekunde 48 tu.

Hapo ndipo penye ukuta. Mwanafunzi wa Morse akiwa kwenye kasi ya maneno kumi huwa na muda wa kuhesabu: nukta, kistari, nukta, hii ni R. Njia hiyo humfaa kwa majuma machache, kisha humsaliti. Kasi inapokaribia 20, hakuna tena nafasi ya kuhesabu. Sharti sikio liitambue herufi nzima kama linavyolitambua jina la mtu anayeitwa barabarani, bila kuigawanya vipande.

Wengi hukwama papo hapo na kukata tamaa. Programu za kompyuta zinazofundisha Morse husaidia, lakini zina upungufu mmoja: milio yake ni safi mno. Redioni, mlio hupanda na kushuka, vituo viwili huitana kwa wakati mmoja, na ngurumo za radi huingilia kati. Sikio lililozoea usafi wa kompyuta huduwaa likikutana na hali halisi.

Mashindano makubwa ya mwishoni mwa juma nayo si mahali pa kujifunzia. Huendelea kwa saa 24 au hata 48, na wakongwe hutuma kwa maneno 30 na zaidi kwa dakika. Mwanafunzi anayejitosa humo ni kama mtoto aliyejifunza kuogelea kwenye kidimbwi kisha akatupwa katika mkondo wa Kilindini.

Ngazi tatu

Pengo hilo ndilo linalozibwa na mashindano mafupi ya kila wiki. Matatu kati yake yamejipanga kama vidato vya ngazi.

Kidato cha chini ni SST, yanayoandaliwa na klabu ya K1USN ya Marekani. Kikomo chake ni maneno 20 kwa dakika. Kwa saa za Kenya hufanyika Ijumaa saa tano usiku na Jumatatu saa tisa usiku. Washiriki hupeana jina na mahali walipo.

Kidato cha kati ni MST ya baraza liitwalo ICWC, ambalo lengo lake ni kueneza Morse. Kasi haipaswi kuzidi maneno 25. Vipindi vyake ni vitatu: Jumatatu saa kumi jioni, Jumatatu saa nne usiku, na Jumanne saa kumi na mbili asubuhi.

Kidato cha juu ni CWT ya klabu ya CWops, iliyoasisiwa mwaka wa 2010. Hapa hakuna kikomo cha kasi. Vipindi ni vinne: Jumatano saa kumi jioni na saa nne usiku, kisha Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi na saa nne asubuhi. Washiriki hupeana jina na namba ya uanachama, na asiye mwanachama hutaja nchi au jimbo lake.

Ubora wa kidato cha kati

Mazungumzo ya MST ni mafupi. Kituo kimoja huita, kingine hujibu kwa alama yake ya mwito, kisha kila mmoja hutaja jina lake na namba ya mazungumzo: 1 kwa kituo cha kwanza alichowasiliana nacho, 2 kwa cha pili, na kadhalika. Shughuli nzima yaweza kumalizika kwa sekunde chache.

Namba hiyo ndiyo siri ya mafanikio. Katika CWT, jina na namba ya mwanachama havibadiliki. Programu nyingi za kuwekea kumbukumbu za mashindano huhifadhi orodha ya washiriki, hivyo mtu akiandika alama ya mwito, kompyuta humjazia yaliyosalia hata kabla ya kuyasikia. Ni msaada kwa anayesaka pointi, lakini ni hasara kwa anayejifunza. Katika MST, kompyuta haiwezi kujua kama mwenzako amefika mazungumzo ya 14 au ya 41. Hapana budi sikio lifanye kazi.

Ufupi nao una faida zake. Kusikiliza Morse huchosha akili, na akili iliyochoka huanza kubahatisha. Saa moja humwacha mtu na hamu ya kurudi. Fauka ya hayo, kurudi kila wiki hujenga mazoea kuliko kukesha siku mbili mara moja kwa mwaka. Bandu bandu huisha gogo.

Kuna pia suala la kusahihishwa papo hapo. Ukituma vibaya, mwenzako hukutaka urudie. Ukinakili alama isiyo sahihi na kuirudisha hewani, mwenyewe hukusahihisha mara moja. Hakuna mwalimu wa kompyuta anayeweza kuiga shinikizo hilo la kuwa na binadamu anayekusubiri upande wa pili.

Namna ya kupanda

Wenye uzoefu hushauri mgeni aanze kwa kusikiliza tu. Achague kituo kimoja kinachoita, akifuatilie kwa dakika kumi, na aandike kila alama, jina na namba anayoisikia. Asiye na redio anaweza kutumia kipokezi kilichounganishwa na intaneti, kama kile cha Chuo Kikuu cha Twente nchini Uholanzi, ambacho yeyote anaweza kukielekeza kwenye masafa anayotaka.

Hatua ya pili ni kujibu wengine. Hapa mgeni ana nafuu kubwa: kabla ya kuita, anaweza kukisikiliza kituo hicho kikizungumza na watu watatu au wanne. Alama ya mwito atakuwa ameijua, na jina pia. Jambo jipya litakalosalia ni namba, nayo anaweza kuikisia, kwani huongezeka kwa moja kila mara.

Hatua ya tatu ni kukalia masafa na kuita mwenyewe. Sasa mambo hugeuka, kwa sababu hajui nani atajibu. Ni hapa ujuzi wa kweli hujengwa, na ni hapa wengi huogopa. Dawa ya hofu ni kutenga dakika 15 za mwisho za kila kipindi kwa zoezi hilo, wakati vituo vingi vimeshawasiliana na wanaojulikana na vinatafuta sauti mpya.

Kuna makosa mawili ya kuepukwa. La kwanza ni kutuma kwa kasi isiyolingana na uwezo wa kupokea. Kasi unayotumia kuita huchukuliwa na wengine kuwa ndiyo kasi unayotaka kujibiwa. La pili ni kutegemea programu zinazosoma Morse na kuiandika kwenye skrini. Macho yakifanya kazi ya masikio, masikio hulala.

Nukta moja, nchi nyingine

Kwa wanaredio wa Afrika Mashariki, umakini una umuhimu wa pekee. Alama za mwito za Kenya huanza kwa 5Z, na tarakimu 5 ni nukta tano mfululizo. Nukta moja ikipotea, 5 hugeuka herufi H, ambayo ni nukta nne, na msikilizaji ataandika HZ, ambayo ni alama ya Saudi Arabia. Majirani zetu wa Tanzania hutumia 5H. Wakipoteza nukta hiyo, husikika kama HH, yaani Haiti. Anayetuma kutoka kwetu hana budi kuhakikisha nukta zake zimetimia, na nafasi kati ya herufi hazibanwi.

Kwa upande mwingine, vituo vya kwetu ni vichache katika mashindano haya, na kila kituo kipya husaidia hesabu ya mshindani. Kwa hivyo, Mkenya anayeita hupata wajibuji bila kuhitaji mtambo wenye nguvu nyingi. Kipindi cha saa kumi jioni kinafaa zaidi kwa bendi za megahezi 14, 21 na 28 kuelekea Ulaya, na pia mashariki mwa Marekani ambako huwa ni asubuhi. Kile cha saa nne usiku hufaa bendi za 7 na 14. Bendi za 10, 18 na 24 hazitumiki kwa mashindano, na desturi hiyo huheshimiwa na wote.

Ni muhimu kukumbuka kwamba hakuna anayeruhusiwa kurusha mawimbi bila leseni, ambayo hapa nchini hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano. Lakini masikio hayangoji leseni ili yaanze kuzoezwa. Anayeanza kusikiliza Jumatatu ijayo, akanakili alama tatu tu kwa saa nzima, ana hesabu ya kulinganisha na ya Jumatatu itakayofuata.