Bunge la 12 la Tanzania (2020–2025): Uongozi, Wabunge na Uwiano wa Vyama

Utangulizi

Ninaposahihisha mitihani ya majaribio hapa Pito, swali la Bunge hunipa kazi kila mwaka. Mtahiniwa anaandika kwa kujiamini, "Bunge lina wabunge 393", anaweka nukta na kwenda swali linalofuata. Namba ni sahihi kwa Bunge la 12, lakini alama anayopata ni moja. Swali lilitaka aeleze wabunge hao wanaingiaje, nani anawaongoza, na chama chenye idadi fulani ya viti kinaweza au hakiwezi kufanya nini.

Katika sura hii tutatumia Bunge la 12 kama mfano. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, limemaliza muda wake, hivyo tunaweza kulitazama tangu mwanzo hadi mwisho. Pili, mojawapo ya majimbo yaliyolipa sura yake ni la mkoa wetu wa Rukwa.

1. Tofautisha maneno matatu: Bunge, Mkutano na Kikao

Bunge (kwa maana ya awamu) ni kipindi kizima kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine, kwa kawaida miaka mitano. Bunge la 12 lilitokana na uchaguzi wa tarehe 28 Oktoba 2020.

Mkutano ni kipindi cha wiki kadhaa ambacho wabunge hukutana Dodoma. Kwa desturi kuna mikutano minne kwa mwaka. Mrefu kuliko yote ni Mkutano wa Bajeti, unaoanza Aprili hadi mwisho wa Juni.

Kikao ni siku moja ya kazi ndani ya Mkutano. Kikao huanza kwa dua, kisha hati huwasilishwa mezani, maswali huulizwa na kujibiwa, halafu hufuata miswada au hoja za siku hiyo.

Kwa hiyo Bunge moja lina mikutano mingi, na mkutano mmoja una vikao vingi. Ukichanganya maneno haya, msahihishaji atajua hujaelewa.

2. Njia sita za kuingia bungeni

Ibara ya 66 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inataja aina za wabunge. Katika Bunge la 12 idadi ilipangwa hivi:

(a) Wabunge wa majimbo: 264. Huchaguliwa moja kwa moja na wapigakura.
(b) Wabunge wanawake wa viti maalumu: 113. Hutokana na orodha za vyama, kwa uwiano wa kura za ubunge. Chama hakipati mgawo huu kama hakikufikisha angalau asilimia 5 ya kura zote halali za ubunge.
(c) Wabunge kutoka Baraza la Wawakilishi la Zanzibar: 5. Huchaguliwa na Baraza hilo.
(d) Mwanasheria Mkuu wa Serikali: 1. Huingia kwa wadhifa wake.
(e) Wabunge wa kuteuliwa na Rais: wasiozidi 10, na angalau watano wawe wanawake.
(f) Spika, iwapo hakuchaguliwa kutoka miongoni mwa wabunge.

Jumla ya (a) hadi (e), nafasi zote zikijazwa, ni 393. Njia ya (f) haikutumika katika Bunge la 12 kwa sababu maspika wote wawili walikuwa wabunge wa majimbo.

Mfano wa njia ya (e): mwishoni mwa Machi 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alimteua Balozi Liberata Mulamula kuwa mbunge, akampa Wizara ya Mambo ya Nje. Ilibidi ubunge utangulie, kwa sababu waziri wa Serikali ya Muungano lazima awe mbunge.

Kumbuka pia sifa za mgombea katika Ibara ya 67. Awe raia mwenye umri wa miaka 21 au zaidi, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Katiba yetu haijaruhusu mgombea binafsi.

3. Uwiano wa vyama baada ya uchaguzi wa 2020

Chama: majimbo + viti maalumu = jumla

CCM: 256 + 94 = 350
CHADEMA: 1 + 19 = 20
ACT-Wazalendo: 4 + 0 = 4
CUF: 3 + 0 = 3
Jumla: 264 + 113 = 377

Upinzani wote ulikuwa na viti 27. Linganisha na Bunge la 11 (2015–2020), ambako vyama vya upinzani vilianza na zaidi ya wabunge 100. Katika viti maalumu peke yake, mwaka 2015 CHADEMA ilipata 37 na CUF 10, yaani 47 kati ya 113. Mwaka 2020 vilibaki 19. CHADEMA na ACT-Wazalendo walipinga matokeo ya 2020 wakidai uchaguzi haukuwa huru na wa haki. Tume ya Taifa ya Uchaguzi ilisisitiza kwamba matokeo yalikuwa halali. Mtahiniwa makini hutaja pande zote mbili, kisha anarudi kwenye swali.

4. Namba hizi zina maana gani? Piga hesabu

Hapa ndipo alama nyingi hupatikana. Uwiano wa vyama una maana pale unapoulinganisha na kiwango kinachotakiwa na Katiba au Kanuni za Bunge. Chukua jumla ya wabunge 393.

Akidi ya kufanya uamuzi ni nusu ya wabunge wote (Ibara ya 94). Nusu ya 393 ni 196.5, kwa hiyo wanatakiwa 197.

Kubadilisha Katiba kunahitaji kura za theluthi mbili ya wabunge wote (Ibara ya 98), yaani 262. CCM yenye 350 ilivuka kiwango hiki bila kuhitaji kura hata moja ya chama kingine. Lakini kwa mambo yaliyotajwa katika Orodha ya Pili ya Nyongeza ya Pili ya Katiba, kama vile kuwapo kwa Jamhuri ya Muungano, theluthi mbili hupatikana mara mbili: kwa wabunge kutoka Tanzania Bara na kwa wabunge kutoka Zanzibar.

Hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu (Ibara ya 53A) huanza kwa kuungwa mkono na wabunge wasiopungua asilimia 20. Asilimia 20 ya 393 ni 78.6, yaani wabunge 79. Upinzani wenye 27 usingeweza hata kuianzisha peke yake.

Kambi Rasmi ya Upinzani, kwa mujibu wa Kanuni za Bunge, huhitaji angalau asilimia 12.5 ya wabunge wote. Asilimia 12.5 ya 393 ni 49.1, kwa hiyo wanatakiwa 50. Ndiyo maana Bunge la 12 halikuwa na Kiongozi Rasmi wa Upinzani. Katika Bunge la 11 nafasi hiyo ilishikwa na Freeman Mbowe.

Hata hivyo, desturi ya wapinzani kuongoza kamati za kukagua matumizi ya fedha iliendelea. Naghenjwa Kaboyoka aliongoza Kamati ya Hesabu za Serikali, na baadaye Halima Mdee akaongoza Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa. Hizi ndizo kamati zinazopitia taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali.

5. Mfano wa karibu: Rukwa na jimbo la Nkasi Kaskazini

Mkoa wa Rukwa ulikuwa na majimbo matano katika Bunge la 12. Sumbawanga Mjini, ambamo kata yetu ya Pito imo, liliwakilishwa na Aeshi Hilaly. Kwela, linaloshuka hadi bonde la Ziwa Rukwa, lilikuwa la Deus Sangu. Kalambo lilikuwa la Josephat Kandege, na Nkasi Kusini la Vincent Mbogo. Hao wote ni wa CCM.

La tano ni Nkasi Kaskazini, jimbo la Namanyere na Kirando. Huko Aida Khenani wa CHADEMA alimshinda Ally Keissy wa CCM, aliyekuwa mbunge tangu 2010. Rudi kwenye jedwali la sehemu ya 3: ile "1" ya CHADEMA ni Nkasi Kaskazini. Nchi nzima, chama hicho kilishinda jimbo hilo tu.

Aida Khenani anafaa pia kuonyesha tofauti ya njia za kuingia bungeni. Katika Bunge la 11 alikuwa mbunge wa viti maalumu, kwa hiyo kiti chake kilitoka kwenye orodha ya chama. Mwaka 2020 alisimama jimboni na kupigiwa kura na wananchi wenyewe. Wote wawili, wa jimbo na wa viti maalumu, wana haki ya kuuliza, kuchangia na kupiga kura. Tofauti moja usiisahau: Waziri Mkuu lazima ateuliwe kutoka kwa wabunge wa majimbo.

Je, mbunge mmoja asiye na wenzake wengi anaweza kufanya nini? Hawezi kuzuia muswada. Anaweza kuuliza swali la msingi na la nyongeza, na waziri akalazimika kujibu mbele ya nchi. Anaweza kuwasilisha hoja binafsi. Wakati wa bajeti anaweza "kushika shilingi", yaani kutoa hoja ya kupunguza shilingi moja katika mshahara wa waziri ili waziri atoe maelezo ya kutosha kuhusu jambo fulani, kama barabara, maji au pembejeo. Shilingi yenyewe si kitu. Kinachotafutwa ni jibu linaloandikwa katika kumbukumbu rasmi za Bunge.

6. Uongozi wa Bunge la 12

Spika. Huchaguliwa na wabunge, na anaweza kuwa mbunge au mtu mwenye sifa za kuwa mbunge (Ibara ya 84). Tarehe 10 Novemba 2020 alichaguliwa Job Ndugai, mbunge wa Kongwa, kwa kipindi cha pili. Alijiuzulu tarehe 6 Januari 2022 baada ya kauli yake kuhusu mikopo ya Serikali kuzua mjadala mkubwa. Kiti cha Spika kikiwa wazi, Bunge haliwezi kufanya shughuli yoyote isipokuwa kumchagua Spika. Hivyo tarehe 1 Februari 2022 wabunge walimchagua Dkt. Tulia Ackson, mbunge wa Mbeya Mjini, kwa kura zote 376 zilizopigwa. Alikuwa mwanamke wa pili kushika nafasi hiyo baada ya Anne Makinda. Oktoba 2023 alichaguliwa pia kuwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani.

Naibu Spika. Lazima awe mbunge (Ibara ya 85). Dkt. Tulia alikuwa Naibu Spika hadi 2022, akafuatiwa na Mussa Azzan Zungu, mbunge wa Ilala.

Waziri Mkuu. Huteuliwa na Rais kutoka chama chenye wabunge wengi na kuthibitishwa na Bunge (Ibara ya 51). Ndiye kiongozi wa shughuli za Serikali bungeni. Kassim Majaliwa, mbunge wa Ruangwa, alithibitishwa tarehe 12 Novemba 2020. Kesho yake Rais John Magufuli alilifungua Bunge.

Katibu wa Bunge. Huteuliwa na Rais (Ibara ya 87). Ni mtendaji mkuu wa Ofisi ya Bunge, na si mbunge.

7. Suala la wabunge 19

Tarehe 24 Novemba 2020 wanawake 19 wa CHADEMA, akiwamo Halima Mdee, waliapishwa kuwa wabunge wa viti maalumu. Chama kilisema hakikuwateua, na siku chache baadaye kikawavua uanachama. Mei 2022 Baraza Kuu la chama lilikataa rufaa yao. Walikwenda Mahakama Kuu, na Desemba 2023 Mahakama ikatengua uamuzi wa Baraza Kuu. Wakati huo wote waliendelea kuwa wabunge.

Kwa nini suala hili ni zito? Kwa mujibu wa Ibara ya 71, mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama chake hupoteza kiti. Swali likawa: uanachama unakoma lini hasa, chama kinapotamka au rufaa na mashauri yanapokwisha? Bila wabunge hao 19, upinzani ungekuwa na wabunge 8 tu. Ukiulizwa kuhusu uhusiano wa chama, Bunge na Mahakama, huu ni mfano mzuri wa kutumia.

8. Makosa yanayojirudia

• "Spika huteuliwa na Rais." Si kweli. Huchaguliwa na wabunge.
• "Bunge ni wabunge tu." Ibara ya 62 inasema Bunge lina sehemu mbili: Rais na wabunge. Muswada hauwi sheria bila kibali cha Rais.
• "Viti maalumu hugawanywa sawa kwa kila chama." Hugawanywa kwa uwiano wa kura.
• "Kila uamuzi wa Bunge huhitaji theluthi mbili." Miswada ya kawaida hupita kwa wingi wa kura.

9. Maswali ya kujipima

1. Taja njia tano za kuingia bungeni zilizotumika katika Bunge la 12. (alama 5)
2. Kwa kutumia hesabu, eleza kwa nini Bunge la 12 halikuwa na Kiongozi Rasmi wa Upinzani. (alama 4)
3. "Mbunge mmoja wa upinzani hana faida kwa jimbo lake." Jadili kwa hoja nne. (alama 15)

Mwongozo wa swali la 3: Usikimbilie kukubali au kukataa. Anza kwa kueleza kile asichoweza, yaani kuzuia muswada au kuanzisha hoja ya kutokuwa na imani. Kisha toa hoja za anachoweza: maswali, hoja binafsi, kushika shilingi, kazi za kamati. Tumia mfano halisi, kama Nkasi Kaskazini. Hitimisha kwa msimamo wako na sababu yake.

Wengi wenu mtafikisha miaka 18 kabla ya uchaguzi mkuu ujao na kupiga kura kwa mara ya kwanza. Hesabu za sehemu ya 4 zitawafaa siku hiyo pia, kwa sababu kila kura ya ubunge inahesabiwa mara mbili: mara moja kwa mgombea wa jimbo, na mara moja katika mgawo wa viti maalumu vya chama chake.