Kabla ya Kutia Sahihi Karatasi ya Mgombea

Bwana mkulima, nawe mama mkulima, siku moja mtu atafika langoni pako na karatasi yenye mistari, akikuomba jina, nambari ya kitambulisho na sahihi. Hakuja kwa habari ya maziwa wala mbolea. Anataka kusimama katika uchaguzi, na sheria imemtaka aonyeshe kwanza kuwa ana watu.

Ni watu wangapi? Katiba ya mwaka 2010 imetaja hesabu. Asiye na chama akitaka kiti cha wadi, awe na wapiga kura 500 wa wadi ile. Akitaka ubunge, 1,000 wa eneo bunge. Useneta, 2,000 wa kaunti. Kwa miaka mingi kabla ya Katiba hiyo mtu hakuweza kusimama ubunge ila kwa jina la chama, basi karatasi hii, ingawa ina taabu, ni mlango uliofunguliwa.

Anayetaka urais, awe na chama au asiwe nacho, hutakiwa kupata wapiga kura 2,000 katika kila moja ya kaunti zilizo zaidi ya nusu. Kaunti ni 47, basi apate 24, na jumla isipungue 48,000. Akipata 10,000 hapa Nakuru, bado amepata kaunti moja tu.

Sasa liko shauri linalotuhusu hasa sisi watu wa skimu, kwani wengi wetu tulihamia. Tuseme unalima Mauche, lakini uliandikishwa kupiga kura Elburgon na hujahamisha jina. Mauche ni ya Njoro. Elburgon ni ya Molo. Ukimtilia sahihi mgombea wa wadi ya Mauche, au wa ubunge wa Njoro, jina lako halihesabiwi, hata kama umekaa hapo miaka ishirini na ng'ombe wako wanajulikana na kila mtu. Kwa useneta wa Nakuru linafaa, na kwa urais pia, maana wadi zote mbili zimo katika kaunti moja. Mgombea aliyekusanya 500 kamili, na wewe ukiwa mmoja wao, atabaki na 499.

Tena, anayemwunga mkono mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote cha siasa. Utasema, mimi si mwanachama. Je, una hakika? Mwezi wa Juni 2021, Wakenya walipoweza kutazama orodha za Msajili wa Vyama vya Siasa kwa mtandao, wengi walikuta majina yao katika vyama ambavyo hawakupata kujiunga navyo. Kama huna simu ya kutazamia, mwombe kijana wa nyumbani akutazamie mapema.

Usitie sahihi karatasi isiyo na jina la mgombea, wala usiogope kwamba umejifunga: hii si kura, na siku ya kura u huru kumchagua mwingine. Nawe uliyehamia, nenda na kitambulisho chako katika ofisi ya IEBC ya eneo bunge lako, uombe jina lihamishwe kabla daftari halijafungwa.