Kwa Nini Muuguzi Mzoefu Huangushwa na Mtihani wa Uingereza

Muuguzi aliyefanya kazi miaka mingi katika wodi ya upasuaji Mombasa au Mwanza hashtuliwi na damu, na dripu ikigoma anajua la kufanya kabla hajaambiwa. Muuguzi huyo huyo anaweza kufika Uingereza, akapewa mgonjwa wa kuigiza na dakika chache, akatoka chumbani ameanguka. Nimewaandaa wauguzi wa namna hiyo, na nasema bila kusita kwamba mara nyingi si ujuzi uliopungua. Hawakuwahi kuelezwa mtihani ule unapima nini.

Anayesajili wauguzi Uingereza ni Baraza la Uuguzi na Ukunga la huko, NMC. Hospitali inaweza kukuajiri, lakini bila namba ya usajili ya NMC huruhusiwi kufanya kazi kama muuguzi aliyesajiliwa. Baraza hutaka kwanza kujua kwamba masomo yako ndiyo yaliyokupa usajili nyumbani, kwamba afya na mwenendo wako vinaruhusu, na kwamba huna shauri la kinidhamu. Uthibitisho hutoka moja kwa moja kwa baraza la nchi yako. Nakala uliyoibeba mwenyewe haitoshi. Hapa miezi hupotea bure. Leseni iliyokwisha muda, au jina la ukoo kwenye cheti cha chuo lisilolingana na la pasipoti, ni mambo ya kurekebishwa kabla hujalipia ombi lolote.

Kuna jambo moja ambalo Waafrika Mashariki wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Kwetu mwanafunzi hufundishwa uuguzi wa jumla, ukunga, afya ya jamii na afya ya akili kwa pamoja. Uingereza imegawa uuguzi katika matawi manne: watu wazima, watoto, afya ya akili na ulemavu wa kujifunza. Ukunga una usajili wake na mtihani wake. Kwa hiyo unachagua tawi, na vyeti pamoja na kazi ulizofanya ndivyo vinavyolitetea chaguo lako. Aliyezalisha akina mama miaka minane asidhani usajili wa muuguzi wa watu wazima utamruhusu kufanya kazi ya mkunga.

Upande wa Kiingereza, wengi hufanya IELTS ya kitaaluma. Alama zinazotakiwa ni 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Wengine huchagua OET, iliyotungwa kwa mazingira ya afya, na kwa muuguzi anayeandika barua za rufaa kila wiki naiona ni chaguo zuri zaidi. Kisha unakuja mtihani wa kompyuta, unaoweza kuufanya kabla ya kusafiri: maswali 15 ya hesabu za dawa, kisha 100 ya uuguzi. Fanya mazoezi ya hesabu kila siku hadi zikutoke bila hofu.

Kinachobaki ni OSCE, mtihani wa vitendo, unaofanyika Uingereza pekee katika vituo kama Northampton na Oxford Brookes. Aliyeajiriwa kwa viza ya kazi anapaswa kuufanya ndani ya wiki 12 tangu aanze kazi. Una stesheni 10. Nne zinafuata kazi ya uuguzi kwa mtiririko: kumpima mgonjwa, kupanga huduma, kutoa dawa, kukabidhi. Nne ni za stadi kama kuchoma sindano ya msuli au kufufua moyo uliosimama. Mbili ni za kimya, unaandika tu.

Chukua stesheni ya kutoa dawa. Usiku kwetu, muuguzi mmoja anapohudumia wodi nzima, humwita mgonjwa kwa jina la mtoto wake, anampa vidonge na kusonga mbele, kwa sababu anamjua tangu juzi. Kwenye OSCE mtahini hawezi kuona unachokijua kichwani. Safisha mikono. Jitambulishe. Muulize mgonjwa jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, ulinganishe na utepe wa mkononi na chati. Muulize kwa mdomo kama kuna dawa inayomdhuru, hata kama chati imeshasema. Soma kipimo, njia na saa kwa sauti. Dawa ambayo muda wake haujafika huachwa, na sababu ya kuiacha huandikwa. Anayeyafanya yote haya kimyakimya anajinyima alama zilizo zake.

Upimaji nao una desturi yake. Fomu ya NEWS2 hutoa alama kwa upumuaji, oksijeni, joto, mapigo, shinikizo la damu na fahamu, kisha alama zinajumlishwa. Jumla ikifika 5 daktari aitwe haraka. Ikifika 7 ni dharura. Katika hospitali zetu nyingi vipimo hivyo huandikwa vizuri kabisa, lakini havijumlishwi. Na matokeo ya OSCE yakitoka, ukiwa umeanguka stesheni 7 au pungufu, unarudia hizo tu; zikizidi hapo unarudia mtihani wote.

Kwingine mlango ni tofauti. Marekani inatumia NCLEX, mtihani wa kompyuta wa maswali 85 hadi 150 unaopanda na kushuka ugumu kulingana na majibu yako. Ujerumani hudai Kijerumani kwanza.

Kuhusu fedha, nitakuwa mkali. Kanuni za Uingereza zinakataza wakala kumtoza muuguzi ada ya kumtafutia kazi. Anayekudai pesa ili upate kazi ya hospitali huko anavunja kanuni hizo, hata akiwa na ofisi yenye kiyoyozi. Tanzania, Uganda, Burundi, Rwanda na Kongo ziko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, kwa hiyo waajiri wa Uingereza hawaruhusiwi kuja kuwasaka wauguzi huko. Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano mwaka 2021, na ajira hupitia utaratibu wa serikali hizo mbili. Orodha hiyo haimzuii mtu binafsi: muuguzi wa Dodoma akiona nafasi imetangazwa na hospitali ya Uingereza anaweza kuiomba mwenyewe, moja kwa moja, bila wakala.