Kuunda Modeli ya Tu-22, Ndege ya Mabomu ya Vita vya Kagera

Modeli ya mizani ni nakala ndogo ya kitu halisi ambayo vipimo vyake vyote vimegawanywa kwa namba moja. Katika mizani ya 1:72, inayopendwa sana kwa ndege za kijeshi, sentimita 72 za ndege huwa sentimita moja mezani, na mtu mzima hubaki na urefu wa milimita 24 hivi. Kwa mwundaji wa Kampala anayetafuta ndege ya zamani ya mabomu iliyogusa historia ya nchi yake, inayofaa kuliko zote ni Tupolev Tu-22, ndege ya Kisovieti ambayo Libya iliitumia mwaka 1979 kumsaidia Idi Amin, rais wa Uganda wakati huo.

Vita vya Kagera vilianza Oktoba 1978, majeshi ya Uganda yalipovamia eneo la Kagera nchini Tanzania. Tanzania ilijibu mashambulizi, na Februari 1979 mji wa Masaka nchini Uganda ukaanguka. Muammar Gaddafi, kiongozi wa Libya, alikuwa ameleta askari na silaha upande wa Amin. Tarehe 29 Machi, Tu-22 ya Libya ilitumwa kuupiga mji wa Mwanza nchini Tanzania. Mabomu yalikosa shabaha, yakaangukia hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane na kuua wanyama kadhaa. Haikupita hata nusu mwezi kabla Kampala haijawa mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliotoka uhamishoni.

Modeli nzuri huonyesha ndege fulani katika wakati fulani, na tarehe ikishajulikana huamua mambo mengi. Mfano ni alama ya taifa. Hadi mwaka 1977 ndege za Libya zilikuwa na duara la nyekundu, nyeupe na nyeusi, rangi za shirikisho lililoiunganisha Libya na Misri na Syria. Novemba mwaka huo, baada ya Anwar Sadat wa Misri kuzuru Israel, Libya iliiacha bendera hiyo na kuchukua ya kijani kitupu. Picha nyingi zinazojulikana za Tu-22 za Libya ni za mwaka 1977 na zina alama ya kwanza. Anayeunda ndege ya Machi 1979 na kuinakili picha hizo bila kuuliza zilipigwa lini atakuwa ameweka bendera iliyokwisha kuachwa. Alama inayolingana na tarehe ya Mwanza ni duara la kijani pekee.

Baada ya tarehe huja umbo. Tu-22 halisi ina urefu wa mita 41.6 hivi na upana wa mabawa wa mita 23 na kidogo. Katika 1:72 ni sentimita 58 kwa sentimita 32, yaani ndege nyembamba na ndefu inayohitaji meza pana. Kiwiliwili chake kimebanwa kiunoni, mahali mabawa yanapoungana nacho, ili kupunguza ukinzani wa hewa ndege inapokaribia na kuipita kasi ya sauti. Injini zake mbili zimekaa juu ya mkia, pembeni mwa usukani wa wima. Magurudumu makuu hukunjwa ndani ya maganda marefu yanayochomoza nyuma ya mabawa. Watu wake ni watatu tu, na viti vyao vya kujiokoa hurushwa kwenda chini. Viti hivyo pia hushushwa hadi karibu na ardhi ili wahudumu wapande, jambo linalofaa kuonyeshwa kwenye modeli ya ndege iliyoegeshwa.

Sehemu za plastiki huagizwa kutoka nje zikiwa ndani ya boksi, na hapo aina ya ndege ihakikiwe. Libya ilipewa Tu-22B, inayobeba mabomu ya kawaida. Kampuni ya Trumpeter hutengeneza Tu-22K, inayobeba kombora. Hiyo ina pua pana ya rada na uwazi tumboni wa kulishikilia kombora. Mwenye boksi la aina hiyo hana budi kuuziba uwazi kwa bapa za plastiki, kuipunguza pua kwa puti na msasa, na kuondoa mrija wa kujazia mafuta angani.

Ujenzi huanza kwa kuosha vipande kwa maji na sabuni ili kuondoa mafuta ya kiwandani, kwani rangi haishiki juu yake. Kila kipande hukatwa kwa koleo dogo na kusuguliwa mahali kilipokatwa. Chumba cha rubani hupakwa rangi kwanza, kwa sababu nusu mbili za kiwiliwili zikishafungwa hakifikiki tena. Kabla ya kuzifunga, pua huongezewa uzito. Injini zikiwa mkiani, modeli isiyo na uzito wa mbele hukalia mkia. Chubwi za wavuvi zinazouzwa Ggaba, kando ya Ziwa Victoria, zinatosha kwa kazi hiyo. Hugandishwa ndani ya pua kwa gundi ya mirija miwili, na mlingano hupimwa kwa kuzifunga nusu hizo kwa tepu kabla ya kutia gundi ya kudumu. Chubwi ni za risasi, kwa hiyo hushikwa kwa glavu na mikono huoshwa baadaye.

Gundi ya plastiki huyeyusha kingo na kuziunganisha, kwa hiyo tone dogo linatosha. Mahali palipobaki ufa hutiwa puti laini ya mafundi wa bodi za magari, kisha husuguliwa kwa msasa wa maji, kuanzia namba 400 hadi 1,000 na zaidi. Mistari ya maungio ya mabati iliyofutika huchongwa upya kwa sindano na rula. Hapa mizani hudai nidhamu: mfereji wa milimita moja kwenye modeli ungekuwa wa sentimita saba kwenye ndege halisi, upana ambao hakuna fundi wa ndege angeukubali. Rangi nayo ipulizwe kwa tabaka nyembamba, maana ukoko wa nusu milimita ni sawa na sentimita tatu na nusu.

Hali ya hewa ya Kampala ina kauli yake katika upakaji rangi. Miezi ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba hewa huwa na unyevu mwingi. Rangi za thina hupata ukungu mweupe, na rangi za maji huchelewa kukauka. Saa za katikati ya asubuhi zisizo na mvua ndizo zinazofaa. Vumbi jekundu la barabara za murram hutua upesi kwenye rangi mbichi, hivyo modeli hufunikwa kwa boksi safi mara inapopakwa. Kompresa yenye tangi humwezesha mwundaji kumaliza tabaka moja hata umeme ukikatika. Chumba kipitishe hewa, na barakoa ivaliwe.

Rangi ya msingi ya kijivu hutangulia na kufichua mikwaruzo iliyobaki. Kisha hupakwa tumbo la rangi hafifu, halafu mgongo wa mabaka ya mchanga na kijani. Duara la kijani hupatikana kwa kukata kiolezo cha stika ya vinyl, kazi ambayo wachapaji wa Nasser Road huifanya kwa kompyuta, na kupulizia rangi katikati yake. Rangi nyeusi iliyochujwa sana huingizwa kwenye mistari na kufutwa juu, na masizi mepesi huwekwa nyuma ya injini. Vumbi la kuzeesha ndege hii liwe la unga wa chaki wenye rangi ya mchanga, kwa kuwa makao yake yalikuwa Libya. Vanishi isiyong'aa hufunga kazi yote.

Modeli iliyokamilika huwekwa mbali na jua la dirishani, ndani ya sanduku la kioo. Kibao chake hutaja aina ya ndege, nchi, mizani na tarehe, pamoja na kilichotokea Saanane, ili anayeitazama ajue kwamba ndege hii ilitumwa kuupiga mji wenye watu.