Chumba cha giza kinapogeuzwa stoo

Mlango wake ulikuwa mwembamba, na ukiufungua harufu ya siki inakupokea. Kwa miongo mingi kliniki ndogo za kairopraktiki nchini Marekani, zile zenye tabibu mmoja au wawili wanaotibu mgongo na shingo kwa mikono, zilikuwa na chumba cha namna hiyo cha kusafishia picha za eksirei: taa nyekundu hafifu, dawa, na filamu mbichi zikining'inia kama nguo kambani. Picha ikiharibika, mgonjwa anarudishwa kwenye mashine na kupigwa upya.

Eksirei na tiba hii ni watu wa rika moja. Septemba 1895, mjini Davenport, jimbo la Iowa, Daniel David Palmer alimtibu Harvey Lillard, na wenye fani huhesabu kuwa hapo ndipo ilipozaliwa. Novemba mwaka huohuo Wilhelm Röntgen akagundua eksirei huko Würzburg, Ujerumani. Mwaka 1910 B. J. Palmer, mtoto wa Daniel, aliingiza mashine ya eksirei katika chuo cha kairopraktiki cha Davenport.

Njia ya kuiaga filamu ilifunguliwa na Fuji ya Japani, iliyoanza kuuza mfumo wake wa kidijitali mwaka 1983. Ulikuwa mzigo wa hospitali kubwa. Nafuu ya kliniki ndogo ilikuja pale visomaji vilipopungua hadi kutosha juu ya meza, kwa kuwa tabibu hakulazimika kutupa mashine yake kuukuu. Kaseti inabaki kaseti, ila ndani yake hamna filamu, kuna bamba maalumu linalonasa eksirei. Likiingizwa kwenye kisomaji, leza nyekundu hulipitia mstari kwa mstari. Kila inapogusa, bamba hutoa mwanga wa buluu, na kompyuta huugeuza kuwa picha. Kisha taa kali hulifuta, likawa tayari kwa mgonjwa mwingine.

Njia nyingine, kibao bapa kinachopokea eksirei na kutuma picha kwenye skrini kwa sekunde chache, ni ghali zaidi. Anayekitaka aulize mapema habari ya picha ya uti wa mgongo mzima. Filamu yake ilikuwa na urefu wa sentimita 91. Vibao vingi vina sentimita 43 kwa 43. Programu hulazimika kuunganisha picha mbili au zaidi, na mgonjwa akitikisika katikati, pingili hazikutani. Kisha kuna ada ya programu, hifadhi na matengenezo, gharama ambazo tangazo la bei nafuu huzipitia haraka.

Lakini je, kila mgongo unaouma upigwe picha? Hapana. Zamani Medicare, bima ya serikali kwa wazee wa Marekani, ilidai eksirei ndipo ilipie tiba ya kairopraktiki. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2000. Mwaka 2017 Chama cha Kairopraktiki cha Marekani chenyewe kiliwashauri wanachama wasipige picha kwa maumivu mapya ya kiuno ndani ya wiki sita za mwanzo, isipokuwa pawe na dalili za hatari. Eksirei ya kiuno hubeba takriban milisiveti 1.5, karibu nusu ya mionzi ya asili ambayo Mmarekani huipata kwa mwaka. Si kiasi cha kutisha, ila ni cha mgonjwa kukibeba mwilini, naye ana haki ya kuelezwa sababu.

Hapo ndipo mfumo mpya unapohitaji jicho kali kuliko wa zamani. Filamu iliyozidishiwa mionzi ilitoka nyeusi tii, na kosa likaonekana na wote. Picha ya kidijitali iliyozidishiwa hutoka safi, pengine nzuri kuliko iliyopigwa kwa kipimo sahihi. Mkono unazoea kuongeza kidogo leo, kidogo kesho, bila mtu kushtuka. Ushahidi pekee ni namba ya kipimo ambayo mfumo huandika pamoja na picha, kwa herufi ndogo, na tabibu anayekagua mashine kabla ya kuinunua angeanza kwa kumwambia muuzaji amwonyeshe namba hiyo iko wapi.