Uwanja wa Bologna unaomfundisha mtoto bila kitabu

KATIKATI ya mji wa Bologna, kaskazini mwa Italia, kuna mahali ambapo watu wazima na akili zao husimama wameelekea kona ya ukuta, kama wanafunzi waliopewa adhabu. Upande wa pili wa njia, kwenye kona ya mshazari, yupo mwingine naye ameupa umati mgongo. Kila mmoja anauambia ukuta jambo, kisha wote wawili wanaangua kicheko.

Siri iko juu ya vichwa vyao. Hapo ni chini ya kuba la Palazzo del Podestà, jengo linalopakana na Piazza Maggiore, uwanja mkuu wa mji huo. Mnong'ono wa kona moja hupanda na mviringo wa dari na kushukia kona inayotazamana nayo, ukasikika waziwazi kana kwamba msemaji yuko sikioni. Wapita njia waliopo katikati hawasikii kitu. Wenyeji husimulia kwamba zamani wagonjwa wa ukoma waliungamia hapo, padri akiwa kona moja na mgonjwa nyingine, bila kusogeleana.

Mtoto aliyekuwa akilalamika kwamba miguu inauma husahau miguu yake papo hapo. Ndiyo maana mzazi mwenye safari ya Bologna afanye vyema kuanzia hapa na sio kwenye duka la aiskrimu. Uwanja huu una mengi ya kumwambia mtoto, lakini mengi yake yameandikwa ukutani, kimya kimya, na familia nyingi huyapita zikikimbilia kupiga picha.

Uwanja ulionunuliwa na mji

Piazza Maggiore haukuanza kama ua wa mfalme wala kiwanja cha tajiri. Mwaka 1200 serikali ya mji wa Bologna ilianza kununua nyumba na viwanja vya watu binafsi katikati ya mji, ikabomoa, ikapata eneo la wazi kwa ajili ya soko, mikutano na matangazo ya sheria. Leo eneo hilo lina urefu wa kama mita 115 na upana wa mita 60. Upande mmoja lipo kanisa kubwa la San Petronio, mwingine ofisi za mji, mwingine jengo la mtawala wa zamani, na wa nne baraza ndefu zenye matao ambazo chini yake watu hutembea bila kunyeshewa.

Mtawala huyo aliyeitwa podestà, kwa kawaida alikuwa mtu wa kuajiriwa kutoka mji mwingine, tena kwa muda mfupi, ili asiwe na shemeji wala mjomba wa kumpendelea. Hilo peke yake ni somo la kumweleza kijana wa sekondari mkiwa mmekaa kwenye ngazi za kanisa, mahali ambapo wenyeji nao hukaa bila kuulizwa na mtu.

Jengo la pili yake linaitwa Palazzo Re Enzo. Enzo alikuwa mtoto wa Kaisari Frederick II. Watu wa Bologna walimteka vitani mwaka 1249, na pamoja na ukuu wa baba yake hawakumwachia. Alikaa kifungoni hapo hadi alipofariki mwaka 1272. Watoto hupenda kuhesabu wenyewe: ni miaka 23.

Vipimo vilivyowekwa hadharani

Ukivuka kuelekea Palazzo d'Accursio, makao ya zamani ya serikali ya mji, usiinue macho kwanza. Tazama sehemu ya chini ya ukuta. Kuna vipimo vilivyochongwa kwenye jiwe: futi ya Bologna, ambayo ni kama sentimita 38, mkono wa kupimia vitambaa, na fito ndefu ya kupimia ardhi, karibu mita 3.8. Kando yake vimechorwa ukubwa halali wa tofali la kuchoma na wa kigae cha kuezekea.

Maana yake ni nyepesi. Katika enzi ambazo kila mji ulikuwa na kipimo chake, mnunuzi aliyeshuku kwamba kapunjwa alikuwa na mahali pa kwenda. Alilichukua tofali au kitambaa chake akakilinganisha na ukuta. Hakuhitaji kujua kusoma, wala kumfahamu mkubwa yeyote. Jibu lilikuwa pale, nje, mchana kweupe, mbele ya muuzaji na mashahidi.

Mwache mtoto apime mkono wake, au kiatu cha baba, kwenye jiwe hilo. Kisha muulize: kwa nini waliviweka nje na sio ndani ya ofisi? Jibu atakalolitoa litamfaa kuliko picha ishirini za simu.

Siku kengele ilipolia

Juu ya kuba la minong'ono umesimama mnara wa Arengo. Kazi yake ilikuwa kubeba kengele ya kuwaita wananchi uwanjani penye jambo zito. Jambo zito kuliko mengi lilitokea Agosti 25, 1256. Siku hiyo kengele ililia, watu wakakusanyika, na ikatangazwa kwamba mji umewakomboa watumwa wa mashambani waliokuwa mali ya mabwana, kwa kuwalipia.

Waliokombolewa walikuwa karibu 6,000. Mabwana wao walilipwa kutoka hazina ya mji: lira 10 kwa mtu mzima na lira 8 kwa mtoto. Majina ya waliokombolewa yaliandikwa katika kitabu kilichokuja kuitwa Liber Paradisus, yaani Kitabu cha Paradiso, kwa sababu kinaanza kwa kukumbusha kwamba Mungu alimweka binadamu peponi akiwa huru. Kitabu hicho bado kimehifadhiwa Bologna.

Hapa mzazi hana budi kuwa mkweli. Wanahistoria hueleza kwamba mji haukusukumwa na huruma tupu. Mtumwa alikuwa wa bwana wake na hakulipa kodi, lakini mtu huru alilipa. Mji uliwahitaji pia watu hao dhidi ya nguvu za mabwana wenye ardhi. Nia zilichanganyika, kama nia za binadamu zinavyochanganyika siku zote.

Hata hivyo, yule aliyekuwa amesimama uwanjani siku ile akiwa na mwanawe mgongoni aliondoka na mtoto ambaye hakuna mtu angeweza kumdai tena. Mtoto wa leo akiambiwa kwamba kulikuwa na bei ya mtu wa umri wake, tena imeandikwa, hunyamaza. Si lazima kuujaza ukimya huo kwa maelezo. Mwache ainue macho autazame mnara.

Ukuta wenye nyuso

Hatua chache tu kutoka hapo, kando ya sanamu kubwa ya shaba ya Neptune, upo ukuta mwingine ambao watalii wengi huupita. Umejaa picha ndogo za watu, safu kwa safu, zaidi ya 2,000. Wapo wazee wenye masharubu, wasichana waliosuka nywele, na vijana ambao bado hawajaota ndevu vizuri.

Hao ni wapiganaji wa upinzani waliokufa wakipambana na mafashisti wa Italia na majeshi ya Wanazi katika Vita vya Pili vya Dunia. Baadhi yao walipigwa risasi mahali hapo hapo, na miili yao ikaachwa ionekane ili wengine waogope. Mji ulipokombolewa Aprili 21, 1945, jamaa zao walianza kuleta maua na picha za wapendwa wao na kuziweka ukutani. Hakuna aliyewaagiza. Baadaye mji ukaufanya ukuta huo kumbukumbu ya kudumu.

Adui aliutumia ukuta kuwatisha watu kwa kuwaonyesha maiti. Kina mama, wake na ndugu wakautwaa ukuta uleule, wakarudisha nyuso na majina. Kumbukumbu hiyo inataja pia kwamba kati ya wapiganaji 14,425 wa eneo hilo, wanawake walikuwa 2,212. Mwenye binti asipite haraka hapo. Amwambie achague uso mmoja, alitafute jina lake, na alisome kwa sauti. Inatosha.

Baada ya hapo mtoto ana haki ya kucheka tena, na Neptune yupo kwa kazi hiyo. Sanamu hiyo ilitengenezwa na Giambologna katika miaka ya 1560. Mkuki wake wa ncha tatu ndio uliozaa nembo ya magari ya Maserati, kampuni iliyoanzishwa mjini humo mwaka 1914. Kijana mpenda magari atautambua kabla hujamaliza sentensi.

Kanisa lisilomalizika, jua lisilokosea

Kanisa la San Petronio lilianza kujengwa mwaka 1390. Uso wake umefunikwa marumaru nyeupe na nyekundu hadi karibu nusu, na juu yake ni matofali matupu hadi leo. Zaidi ya miaka 600 imepita. Mtoto anayekata tamaa kwa sababu hesabu zimemshinda wiki hii anaweza kufarijika kuona kwamba mji mzima nao una kazi iliyobaki nusu, na haujaona haya kuiacha mbele ya wageni.

Ndani, sakafuni, umelazwa mstari wa karibu mita 67 uliopangwa na mnajimu Gian Domenico Cassini mwaka 1655. Darini kuna tundu dogo. Jua likifika utosini, doa la mwanga huanguka juu ya mstari huo, mahali tofauti kulingana na siku ya mwaka. Familia ikitaka kuliona ifike kabla ya adhuhuri ya jua, ambayo haiendi sawa na saa ya mkononi, hasa majira ya kiangazi saa zinaposogezwa mbele. Wote wafunike mabega na magoti, kwa kuwa ni nyumba ya ibada.

Kabla ya kuondoka

Bologna inafikika kirahisi. Kwa treni ya kasi ni kama dakika 40 kutoka Florence na kama saa moja kutoka Milan. Kutoka stesheni hadi uwanjani ni mwendo wa miguu wa takriban dakika 20, sehemu kubwa chini ya matao, hivyo mvua wala jua havizuii matembezi.

Mvua ikizidi, ndani ya Palazzo d'Accursio kuna maktaba ya Salaborsa, iliyofunguliwa mwaka 2001, yenye sehemu ya watoto. Sakafu yake ina vioo, na chini yake yanaonekana mabaki ya mji wa enzi za Warumi. Usiku wa majira ya joto, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Agosti, huwekwa skrini kubwa uwanjani na filamu huonyeshwa bure. Wenyeji huja na babu, bibi na wajukuu, na anayechelewa hukaa chini.

Nyuma ya baraza za matao kuna vichochoro vya soko lenye samaki, jibini, matunda na tambi za kukandwa kwa mkono. Familia za Kiislamu na wengine wasiokula nguruwe waulize kabla ya kuagiza: mortadella ni nyama ya nguruwe, tortellini hujazwa nyama hiyohiyo, na mchuzi maarufu wa nyama wa mji huo mara nyingi huchanganywa nayo. Tambi za kujazwa jibini au maboga zinapatikana, ila hata hizo ni vyema kuulizia mchuzi wake.

Jioni, kabla ya kurudi hotelini, pitieni tena chini ya kuba. Mzazi akae kona yake, mtoto kona yake, kila mmoja auelekee ukuta. Watoto wengi, hasa waliofikia umri wa kujibu kila swali kwa neno moja, husema vizuri zaidi wasipotazamwa machoni. Muulize amekumbuka nini leo: tofali, kengele, au yule msichana wa ukutani. Kisha nyamaza, utege sikio. Dari itakuletea jibu.